Mashine Haikuwa Mbovu: mazungumzo juu ya ugonjwa wa Horton

Maneno ya muuguzi mstaafu mbele ya chama cha wazee, ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi

Jambo yenu wote, wamama na wapapa. Mliokaa kule nyuma, viti vya mbele viko wazi, na mimi siumi mtu.

Katibu aliponipigia simu aliniomba nije kuzungumza juu ya tansio, shinikizo la damu. Nikamwambia tansio mmeisikia mpaka masikio yamechoka. Kila mwaka anakuja mtu kuwaambia mpunguze chumvi, mnaitikia kwa kichwa, kisha mnarudi nyumbani kula makayabu, samaki wa chumvi. (Kicheko.) Leo nimeleta ugonjwa ambao wengi wenu hamjausikia, na mimi mwenyewe nilifanya kazi miaka thelathini na moja nikiujua kwenye daftari la shule tu. Kisha ukanijia mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili sikuutambua, kwa sababu wagonjwa wale wawili hawakufanana hata kidogo.

Nianze na kosa langu.

Alikuja kwenye kituo mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa mgodini, miaka 67. Amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Miezi mitatu homa inakuja jioni, asubuhi imeondoka. Malaria ametibiwa mara nne. Makohozi yamepimwa, kifua kikuu hakuna. Kichwa hakimuumi, macho yanaona vizuri. Nikampima tansio mkono wa kushoto, nikapata 11, wengine husema 110. Kwenye fishi, kadi yake ya matibabu, mwenzangu wa zamu ya asubuhi alikuwa ameandika 15, mkono wa kulia. Nikaitazama mashine, nikasema hii imekufa. Nikaenda kuchukua ya chumba cha pili, nikarudia palepale kushoto: 11. Basi nikakata 15 ya mwenzangu kwa kalamu nyekundu, nikaandika 11 yangu.

Mzee alikuwa ameniambia kitu. Akilima bustani yake ya mboga za lengalenga, mkono wa kushoto unachoka haraka, unauma kama umefungwa mpira, lazima asimame. Akipumzika dakika mbili unarudi. Nikamjibu: papa, ni miaka hiyo.

Wiki mbili baadaye daktari kijana alimpima mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine, kwa mashine ileile. Kulia 15, kushoto 11. Akaweka stetoskopu chini ya mfupa wa bega la kushoto, akaniita nisikilize. Damu ilikuwa inavuma mle ndani kama upepo unaopita chini ya mlango. Mashine haikuwa mbovu. Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye mkono ulikuwa umebanwa.

Huyo ni wa kwanza. Wa pili ni mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu mzazi, na hadithi yake ni ndefu zaidi. Lakini kwanza jina.

Madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa wanauita ugonjwa wa Horton. Horton alikuwa daktari wa Mayo Clinic huko Marekani. Mwaka 1932 yeye na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wawili ambao mishipa ya panja zao ilikuwa imevimba na kuuma. Panja ni hapa, kati ya jicho na sikio. Wekeni vidole mtasikia mshipa unapiga. Kabla yake, mwaka 1890, Hutchinson wa London aliandika juu ya mzee aliyeshindwa kuvaa kofia kwa sababu ya mistari myekundu iliyouma pande zote mbili za kichwa. Nyinyi mliovaa kaske, kofia ngumu ya mgodini, saa nane kwa siku mtamwelewa mzee yule haraka kuliko daktari. Na zamani zaidi, miaka kama elfu moja iliyopita, Ali bin Isa, tabibu wa macho wa Baghdad, tayari alikuwa anaandika juu ya mishipa ya panja pamoja na maumivu ya kichwa na hatari ya kupoteza macho.

Jina lingine la ugonjwa, arteritisi ya seli kubwa, linatokana na seli kubwa zinazoonekana kwa darubini ndani ya ukuta wa mshipa, seli zilizoungana zikawa jitu moja. Kinga ya mwili, ile inayopaswa kupigana na vijidudu, inaingia kwenye ukuta wa mshipa na kuuchoma. Ukuta unavimba kwa ndani, njia ya damu inakuwa nyembamba, na kilicho mbele ya hapo kinakosa damu.

Hapo ndipo wagonjwa wanapoachana. Mishipa ni mingi, na ugonjwa hauichukui yote. Ukikamata mshipa wa panja, kichwa kinauma na nywele hazigusiki. Ukikamata unaolisha misuli ya kutafuna, taya inachoka. Ukikamata vijishipa vya nyuma ya jicho, jicho linazimika. Ukishuka kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni na matawi yake ya mikono, unapata mzee wa lengalenga: homa, kukonda, mkono usio na nguvu, na kichwa kisichouma kabisa. Wagonjwa wa namna yake mara nyingi ni vijana kidogo kuliko wengine, nikisema vijana nina maana ya miaka sitini na kitu, na macho yao kwa kawaida hubaki salama. Ila ule mshipa mkuu unaweza kutanuka polepole kwa miaka, kwa hiyo wanafuatiliwa hata baada ya kupata nafuu.

Sasa mama mkubwa. Alikuwa na miaka 74, anauza unga wa bukari, yaani ugali, kwa bakuli mbele ya nyumba yake. Ilianza kwa nywele. Mjukuu alikuja kumsuka siku ya Jumamosi kama kawaida, akamwambia aache, kichwa kinauma. Si ndani ya kichwa, ni ngozi. Chanuo likipita ni kama linapita kwenye kidonda. Usiku alishindwa kulalia upande wa kulia. Tukasema kitambaa anakifunga sana.

Kisha chakula. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu chakula chetu kinaficha dalili hii. Mama yule alipenda nyama ngumu ya mbuzi. Akaanza kuiacha. Matonge matatu ya kwanza anatafuna bila shida, la nne taya inakaza, inauma, anaweka nyama pembeni. Akingoja kidogo anaweza kuendelea. Lakini nani angengoja? Alihamia kwenye bukari na sombe, majani ya muhogo. Bukari hutafuni, unaviringisha, unachovya, unameza. Basi sisi tuliona mama anakula, sahani inarudi nyeupe, hatukujua kwamba nyama yote anawapa wajukuu. Alipolalamika tulimpeleka kwa mtu wa meno, meno mawili yakang'olewa. Yalikuwa mazima. Maumivu ya jino hayangoji tonge la nne. Yanaanza na la kwanza. Taya inayoanza vizuri, ikachoka, ikapumzika, ikarudi, hiyo ni kiu ya damu kwenye msuli, sawasawa na mkono wa yule mzee kwenye jembe. Theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa wa Horton wanayo dalili hii, na ni kati ya zile zinazomfanya daktari anayejua ainuke kitini.

Baada ya taya, jicho. Asubuhi moja pazia lilishuka kwenye jicho la kulia, dakika tano hivi, likapanda. Hakumwambia mtu. Siku ya tatu likashuka tena, likapanda. Siku ya sita likashuka, na halikupanda mpaka leo. Halikuuma hata kidogo. Alipopelekwa mahali fulani walimwandikia miwani. Mimi sikuwepo Lubumbashi wiki hiyo. Niliporudi nilimkuta ameshika miwani mpya mkononi, hajui aivae ya nini.

Daktari yule yule kijana ndiye aliyemgusa panja. Mshipa ulikuwa mgumu kama kamba ya katani, haupigi. Hakungoja kipimo chochote. Alimwanzishia dawa saa ile ile, siku ya tatu akatoa kipande kidogo cha mshipa kikapelekwa kupimwa, majibu yakaja wiki tatu baadaye, na wakati huo jicho la kushoto lilikuwa bado linaona. Bila dawa, jicho la pili mara nyingi linafuata la kwanza ndani ya siku au wiki chache. Na lililozimika halirudi, au linarudi kidogo sana.

Nimewaambia wagonjwa wawili. Wako na wa tatu, wa nne. Wapo wanaoamka asubuhi mabega na nyonga zimekaza, kushuka kitandani ni kazi ya nusu saa, kuinua mkono kuvaa blauzi haiwezekani, na kufika saa nne wanatembea kama hawakuwa na kitu. Karibu nusu ya wagonjwa wa Horton wana hali hiyo, na wengine wanakuwa nayo peke yake, mishipa bila shida yoyote. Wapo wenye kikohozi kikavu tu. Wapo wanaoumwa ulimi. Na wapo, huyu ndiye ananitisha, ambao hawana chochote, hawakukonda, hawana homa, kichwa kizima, na siku moja jicho linazimika. Kati ya wale wanaopoteza jicho, mmoja kwa watano hivi ni wa namna hiyo.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu maabara zetu zina mambo yake.

Kila mmoja wenu ameshatolewa VS, kipimo cha kasi ya damu kutulia. Damu inawekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama, wanaangalia chembe zinashuka milimita ngapi kwa saa. Kwa mtu mwenye Horton mara nyingi VS inapanda sana, 80, 100. Kwenye vitabu vya Ulaya hiyo ni kengele kubwa. Lakini sisi tunaishi Lubumbashi. Malaria inapandisha VS. Kifua kikuu inapandisha. Upungufu wa damu unapandisha, umri wenyewe unapandisha. Nimeona fishi za wazee wa mitaa yetu ya Katuba na Kenya zenye VS 60 miaka mitano mfululizo, hakuna aliyeshtuka, na kwa kweli hakukuwa na la kushtua. Ndiyo maana kengele ikilia kweli hatuisikii. Kuna upande wa pili: wagonjwa wachache wana Horton na VS yao iko sawa kabisa. Kipimo kingine cha damu, CRP, kinakosea mara chache zaidi, na vikitolewa vyote viwili ni bora. Lakini karatasi ya maabara ikisema safi wakati taya inachoka na jicho linafunga pazia, aminini taya.

Kipande cha mshipa nacho kinaweza kudanganya. Ugonjwa unaruka: sentimita hii imechomeka, inayofuata nzima. Kisu kikiangukia penye uzima, jibu linasema hakuna kitu. Kwa wagonjwa wa mishipa mikubwa kama mzee wangu, takriban 4 kati ya 10 mshipa wa panja ni mzima kweli. Tangu mwaka 1997, madaktari wa Berlin walipoonyesha kwamba ekografia, ile mashine ya mawimbi ya sauti inayoangalia mimba, inaweza kuona duara jeusi kuzunguka mshipa uliovimba, wengi Ulaya wanaanza na hiyo. Mashine za ekografia hapa mjini zipo. Kinachohitajika ni mkono uliofundishwa kuitafuta panja badala ya mimba.

(Papa mmoja aliuliza: lakini huu si ugonjwa wa Wazungu?)

Aksanti, papa, nilikuwa nangoja mtu aulize. Ni kweli kwamba nchi za kaskazini ya Ulaya, Norway, Denmark, ndizo zinazoongoza, na Japani ni adimu. Kuna urithi wa damu ndani yake. Ni kweli pia kwamba wanawake wanaupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na kwamba chini ya miaka 50 hauonekani. Msichana wa miaka 25 mwenye mkono usio na mapigo tunafikiria ugonjwa mwingine, dada yake, unaoitwa Takayasu. Lakini kuhusu watu weusi, vitabu nilivyosomea viliandika kwamba hawaupati karibu kabisa. Mwaka 2019 madaktari wa Baltimore, Marekani, walihesabu wagonjwa wao waliothibitishwa kwa kipande cha mshipa, wakakuta tofauti kati ya weusi na weupe ni ndogo kuliko kila mtu alivyodhani. Sisemi ugonjwa umejaa Katuba. Ni adimu. Ila ugonjwa unaoambiwa haupo hautafutwi, na usiotafutwa hauandikwi. Mama mkubwa wangu hakusoma vitabu vile.

Dawa. Ni prednizoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo mnaijua, na baadhi yenu mnaijua kwa njia isiyofaa, nitafika hapo. Daktari anaanza na miligramu 40 hadi 60 kwa siku. Jicho likiwa hatarini anaweza kuanza na dawa kali ya mshipani kwa siku tatu. Kichwa na taya vinatulia haraka mno, mara nyingi siku moja au mbili. Mama mkubwa aliomba nyama ya mbuzi siku ya tatu.

Baada ya hapo njia zinaachana tena. Dozi inashushwa taratibu kwa miezi. Mwingine anamaliza kwa mwaka mmoja na nusu, haurudi tena. Mwingine kila akifika miligramu 7 au 8 kichwa kinaanza upya, anapandishwa, anashushwa, miaka minne, mitano. Karibu nusu wanarudiwa angalau mara moja. Mzee wa lengalenga ni wa kundi hilo. Mama mkubwa hakurudiwa. Umri uleule karibu, mji uleule, daktari yuleyule. Kuna sindano iitwayo tosilizumabu. Katika utafiti wa wagonjwa 251 uliotoka mwaka 2017, waliodungwa kila wiki pamoja na prednizoloni iliyoshushwa ndani ya miezi sita, 56 kwa kila 100 walikuwa bila ugonjwa mwisho wa mwaka, dhidi ya 14 kwa waliopata prednizoloni peke yake kwa muda huohuo. Bei yake sitaitaja, msije mkainuka mkaenda.

Prednizoloni yenyewe inadai. Sukari inapanda, mifupa inalegea, tansio inapanda, kifua kikuu kilicholala kinaamka. Na kwetu kuna kitu ambacho daktari wa Norway hafikirii: anguilili, minyoo midogo inayoingia kwa miguu mtu anapotembea peku kwenye udongo. Inaweza kukaa tumboni miaka thelathini bila kelele. Ukimpa mwenyeji wake prednizoloni nyingi, inazaana, inatoka tumboni, inatapakaa mwilini, na inaua. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayeanza dawa hii kwa miezi mingi anapaswa kuulizwa juu ya minyoo na kifua kikuu siku hiyohiyo, bila kuchelewesha kidonge cha kwanza kama jicho liko hatarini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkumbusha daktari. Mara moja moja na muuguzi anajua kitu.

Halafu deksa, yaani deksametazoni. Mnacheka, mnajua ninachosema. Wamama wanaonunua deksa sokoni ili wanenepe mashavu na makalio. Deksa na prednizoloni ni watoto wa tumbo moja. Mtu mwenye Horton akila deksa ya sokoni wiki mbili, kichwa kinapoa, anasema amepona, anaacha, ugonjwa unarudi kwa jicho. Daktari akimuuliza dawa gani amekunywa anasema hakuna, kwa sababu deksa kwake si dawa, ni urembo. Tena mwili uliozoea dawa hizi ukinyang'anywa ghafla unaweza kuanguka, tansio chini, mtu hoi. Mama mkubwa alipomaliza vidonge siku ya Jumapili, farmasia imefungwa, nilitembea mpaka mtaa wa Kamalondo kutafuta.

(Mama mmoja: kila anayeumwa kichwa akimbie hospitali kwa sababu ya hili?)

Hapana, mama. Kama kichwa chako kimekuuma hivyohivyo tangu ulipokuwa msichana, hicho ni chako. Ninachouliza mimi ni: una zaidi ya miaka 50, na kuna kitu kipya? Kichwa ambacho hukukijua, chanuo linalouma, taya inayochoka, bega la asubuhi, mkono unaochoka, homa isiyo na mwenyewe. Ukiwa na kimojawapo, nenda wiki hii. Lakini pazia kwenye jicho, hata kama limepanda lenyewe, hata kama limekaa dakika moja, nenda leo, usingoje mtoto arudi kazini na gari. Na usiulize jirani kama ugonjwa wake ulianza hivyo, kwa sababu wake huenda ulianza kwa mkono.

Nimeongea sana. Katibu ananionyesha saa, na alitaka tansio tangu mwanzo, basi tansio atapata. Mashine iko pale mezani karibu na dirisha. Pangeni mstari, wenye fimbo watangulie. Vueni makoti, kunjeni mikono ya mashati, yote miwili, kulia na kushoto. Na wewe papa unayenitazama hivyo kutoka kona ile, mtu wa lengalenga, najua umeshapimwa Jumatatu. Njoo hata hivyo. Leo nitaandika namba zote mbili.